Kidole cha Mashine

Somoe alinijia
mkono kaufungia,
akasema, "Naumia
hapa kifundo cha ndani."

Arubaini miaka
usiku akiamka,
mikate akiioka
ya watoto na wageni.

Tabibu alipoona
vidole vimefungana
alisema, "Hapa, Nana,
kukanda sasa acheni."

Shumi wetu wa Mombasa
aliposikia kisa
akatutumia pesa
za mashine ya jikoni.

"Ya mkate, mama yangu!
Hukanda bila machungu,
huoka kama Mzungu,
nyie usiku laleni!"

Mimi, mtu wa kalamu,
nikaandika kwa hamu
maswali yote muhimu,
kayatia mfukoni:

uzito wake, kipimo,
sauti, dhamana imo?
na sufuria ya humo
yahimili na sabuni?

Tukaja duka la Lali,
auzaye vitu ghali
na rahisi mbalimbali,
ndia kuu ya Langoni.

Akashusha moja nzito,
vitufe ni kama vito:
hiki jamu, hiki moto,
hiki hakijulikani.

"Hii," Lali kanambia,
"kilo mbili hujazia,
wageni wakajilia
wakabakisha sahani."

Nikawaza: tu wawili,
na sukari sihimili,
hizo kilo zote mbili
tutampa punda gani?

"Je, umeme ukizima,
unga nao umekwama,
umevimba, wainama,
ni mkate au nini?

Na chumvi ya hewa hapa
hutafuna hata pipa,
msumari hunenepa
ukaoza ukutani."

Lali kidevu kakuna.
"Hayo," asema, "hakuna
mtu aliyeyanena
miaka yote dukani."

Somoe hakutamka.
Mkono wake kaweka,
kwa vidole akasaka
kilichoko mle ndani.

Akagusa kijipanga,
butu, hakikati tanga,
ndicho chakoroga unga
peke yake, huko chini.

"Ndicho kidole?" kasema.
"Vyangu kumi vimegoma,
hiki kimoja, kizima,
chanishinda uzeeni!

Na mkate ukitoka
si tundu litafanyika?
Siagi itamwagika
ipite, ije kanzuni."

Ya pili ilikuwako
nyuma ya rundo la miko,
ina ufa mfuniko,
ilotoka Shela, pwani.

"Mwenyewe alipohama
aliniachia, mama;
vitufe vitatu vyema,
maandishi Kijapani.

Hiki huoka mkate,
hiki huvizima vyote,
hiki—" akameza mate,
"hukanda tu! Kazi gani?"

Somoe akageuka.
"Kukanda tu?" "Ndiyo." "Weka.
Hiyo ndiyo naitaka,
nifungie gazetini."

Lali bei akataja;
Somoe hakuingoja,
akapunguza kwa hoja
ya ule ufa kichwani.

Njiani nikauliza:
"Na kuoka utaweza?"
"Moto haujaniuza;
mhaini kifundoni.

Lile tanuri la mama
bado juu lasimama,
halijapata kuhama,
hula kuni, si tokeni."

Usiku, saa ya tisa,
nilisikia kabisa
mlango wagongwa sasa,
nikasema, "Nani? Nani?"

Kumbe si hodi ya mtu,
ni ile mashine yetu
yatembea kama kitu
kilicholewa mezani.

Nikapanda ile ngazi:
Somoe, kama mlezi,
amekaa, hana kazi,
mkono kifunikoni.

Nikamwambia, "Kalale,
iache yenyewe, ile."
Akasema, "Polepole,
ni mgeni humu ndani."

Maji kidogo katia,
tone, kisha katulia;
unga ukajikunjia,
ukaanza ulaini.

Asubuhi kapindua
mkate, nikachungua;
tundu sikuligundua,
ila vidole pembeni.