Maji Hayapimwi Kule

Dadi kanitumia picha tisa kwa simu,
zote za meli ile ile, kila moja imenona kuliko iliyotangulia.
"Mama, chagua," kaandika. "Mashariki au magharibi?"
Mwanangu huyu anafua mashuka huko chini, sitaha ya pili,
mwaka wa sita huu, jua la saa sita analisikia kwa wenzake,
na kampuni imempa tiketi moja ya mzazi:
siku saba, Karibiani.

Mashariki au magharibi!
Magharibi yangu mimi ni Masasi, mashariki ni Tandahimba,
na kusini, ukisimama pale Shimo la Mungu,
unaiona Ruvuma imelala mbali
kama uzi uliomponyoka fundi.
Nikamjibu: popote pasipo na mawimbi.
Akacheka kwa vikatuni vitano vinavyotoa machozi.

Vyumba navyo vina madaraja kama kadi za harusi.
Cha ndani hakina dirisha.
Cha dirisha, dirisha lenyewe halifunguki.
Cha baraza, unatoka nje na kikombe chako cha chai.
Fidea wa jirani akavaa miwani, akasema chukua cha baraza,
ukifa ufe umeona.
Nikasema cha ndani. Kulala ni kufumba macho,
macho yaliyofumbwa yanataka dirisha la nini?

Mtwara mjini, kwenye pasipoti,
kijana wa Uhamiaji akanishika kidole, akakibonyeza kiooni.
Mashine ikakataa. Akakifuta. Ikakataa.
Vyote kumi vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko:
miaka ishirini na miwili nabangua korosho,
mafuta ya ganda yamenila mistari.
"Mama, huna alama," akasema, kwa upole, kama daktari.
Ninazo, mwanangu. Ziko kwenye sahani za watu.
Dole gumba la kushoto ndilo lililoniokoa,
saa nane kasoro, wenzake wameshakwenda kula.

Sanduku nimeazima kwa mwalimu Nampoto, gurudumu moja linalia.
Gauni la usiku wa nahodha amelishona Chilumba,
kitenge cha buluu chenye samaki,
na nilimwambia samaki nitawakuta.
Dawa ya kichefuchefu, vidonge kumi.
Ming'oko Dadi kanikataza: "Chakula kibichi hawaruhusu."
Kwani ni mibichi? Nimeichemsha.
Korosho kilo moja nimeishonea ndani ya mto wa shingo,
hilo sikumwambia.

Halafu akataja nguo ya kuogelea.
Mabwawa manne, anasema, juu kabisa, kwenye paa.
Mabwawa! Juu ya bahari!
Nikakaa kwenye kigoda nikapiga hesabu:
bwawa moja ndoo elfu ngapi,
ndoo moja mia tano, kiangazi elfu nzima,
nikaifikia bei ya nyumba yangu, bati zikiwemo,
nikaacha kuhesabu.
Mama yangu alishuka bondeni jogoo la kwanza,
akapanda na mtungi jua likiwa utosini,
na mtungi ule mmoja tuliupikia, tukaunawia, tukaufulia,
makombo yake wakanywa kuku.

Nikampigia, safari hii kwa sauti.
"Dadi, maji ya kuoga, watu mnawapimia?"
"Hayapimwi, mama."
"Hata ya chooni?"
"Hata ya chooni."
Nyuma yake mashine za nguo zilikuwa zinanguruma.
Nikanyamaza, salio likienda.
"Nibadilishie chumba," nikasema.
"Nataka kile cha baraza. Nikae niyatazame."

Kesho natoka na basi la saa kumi na moja alfajiri.
Fidea, ufunguo wa tangi huu hapa.
Mvua ya kwanza usiipokee, iache ioshe bati,
ya pili ndiyo uegeshe mfereji.
Anayekuja na ndoo mpe mbili, zisizidi,
hata akikusifia.
Yule binti wa Sharifa, mwenye mapacha,
mpe tatu.