Ramani ya Pumba

Redio ilisema kimbunga kimevuka Mlango wa Msumbiji,
kikaingia nchi kavu usiku, na wala hakikufa
kama walivyotarajia wanaovijua.
Ikasema: sasa kinaelekea ziwani.
Halafu betri zikaisha.

Ndivyo tulivyobaki Matema, saa nne asubuhi,
watu kumi na mmoja na mashine ya mpunga iliyozimwa,
mlima nyuma yetu umevaa wingu hadi kiunoni.

Ambakisye akamwaga pumba sakafuni,
akaisawazisha kwa kandambili, akachora ziwa kwa kidole:
refu, jembamba,
kama mtu aliyelala ubavu akiwapa wenzake mgongo.
"Hapa Karonga. Hapa Itungi. Huku Lupingu, huku Manda.
Haya, semeni. Kinapiga wapi?"

Mimi ndiye mshika daftari la madeni.
Kwa hiyo kila jibu nililisikia mara mbili.

Ambakisye mwenyewe alikipeleka Itungi.
Alieleza kina cha maji, akaeleza upepo unavyojikunja,
akataja hata nyuzijoto.
Hakutaja laki mbili na nusu za Mwaipape,
ambaye ghala lake liko Itungi, karibu na maji,
na daftari lake limo ghalani.

Gwamaka wa bodaboda alikipandisha mlima hadi Makete.
"Kikaoge kwenye viazi vya Wakinga.
Wale wana hela, watajenga upya."
Tulicheka. Kicheko kilikuwa kirefu kuliko mzaha.

Subilaga, mfinyanzi wa Ikombe, hakutaka kusikia Karonga.
"Ng'ambo hakifiki. Ng'ambo kuna nini cha kukivuta?"
Ng'ambo yuko mwanawe, mwaka wa tatu huu,
na simu yake huita tu, huita.
Akaifuta Karonga kwa kidole gumba,
taratibu, kwa kuzungusha,
vilevile anavyolainisha mdomo wa chungu.

"Kina jina la kike, eti Zelia," mtu akasema mlangoni.
"Nani huvibatiza?"
"Mwanamume aliyeachwa," akajibu Gwamaka,
kisha akamwona Tumpe, akajikohoza.

Tumpe alikuwa ameinama.
Alichagua punje moja, moja tu,
akaiweka kusini kabisa, Mbamba Bay,
kwa mumewe na yule mwanamke mwenye cherehani,
akaibonyeza mpaka ikagusa saruji.
Hakusema neno. Nasi hatukumwuliza.

Basi kimbunga kilikuwa na safari nyingi asubuhi ile.
Kila aliyeingia alikipa njia.
Kilipinda, kilirudi, kilipewa nauli,
kikatumwa kama mtoto dukani.

Mpaka akaja Sekela, wa darasa la pili,
kaletwa na ndoo, anataka pumba za nguruwe.
Alizunguka ramani mara moja, ndoo mkononi.
"Na sisi tuko wapi?"

Ambakisye akafuata ufukwe kwa kidole,
kaskazini, kaskazini tena, kisha mkono wa kulia,
pale ziwa linapokutana na mlima.
Kidole kikagota.
Kandambili ya buluu, mkanda umeungwa kwa waya.
Tulikuwa chini yake tangu mwanzo.

Sote tukautazama ule mguu.
Hakuuinua.

Jioni mitumbwi ya Ikombe ilikataa kuondoka.
Subilaga akalala kwangu, yeye na vyungu vyake ishirini na viwili,
havijauzwa, vimejaa kitanda kote kuzunguka,
nikigeuka nagusa mdomo wa mmoja,
baridi, una harufu ya moshi.
Nje kitu kimeanza kuvuma.
Huenda ni Mto Lufilyo tu. Sijui.
Subilaga naye hajalala.
Ananiuliza gizani kama pumba ile tuliifagia.

Namwambia bado.
"Kesho," anasema, "kabla hujafagia, niite."