Kiazi ni Kioo

Isyonje, asubuhi, ukungu hauna haraka;
umelala juu ya matuta kama mgeni
asiyejua wenyeji huamka saa ngapi.
Shule ipo, ng'ambo ya bonde,
saa nzima kwa miguu yangu.
Kwa miguu ya Tupokigwe, sijui. Ana miaka mitano
na kifua chake mwezi wa sita wote hupiga filimbi.
Nikasema basi. Mwaka huu darasa ni jikoni.

Sina ubao; nina mlango wa stoo na mkaa.
Sina kitabu, ila kalenda ya ushirika ya mwaka juzi.
Nina viazi.

"Vipangeni," nasema, nao wanapanga,
yeye na Lusajo, mdogo wake,
anayeonja udongo kwanza ndipo afikiri.
Vikubwa huku, vya mbegu kule,
na Lusajo akatenga rundo la tatu.
Hivi je?
"Vinafanana na Shangazi."
Nikaviangalia. Nikaviacha hapo hapo.

Jioni moja nilikata kiazi katikati,
nikachonga L kwa kisu cha kumenyea;
masizi ya sufuria na tone la mafuta ndiyo wino.
Lusajo akagonga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji:
L ikatoka inatazama nyuma.
Akagonga tena. Nyuma.
Akanikazia macho kama nimemwibia.
Mimi niliyeishia la saba nikashika kidevu.
Tupokigwe akakitwaa kiazi, akakisogeza usoni,
akanyamaza muda wa maji kuchemka,
kisha: "Mama, kiazi ni kioo."
Siku hiyo sikufundisha kitu kingine.

Mama Subilaga hupita na jembe begani:
"Wanao wanacheza tu, nawe unacheza nao.
Samaki mkunje angali mbichi, mwenzangu."
Jirani, huku juu samaki hutufikia mkavu,
ameshakunjwa na watu wa Kyela.
Mimi nina udongo,
na udongo haukunjwi, unafinyangwa,
tena mikono lazima ilowe.

Mwezi wa saba akaja mnunuzi na lori.
"Gunia moja, bei moja," akasema,
akajaza hadi shingoni,
akashonea wavu juu, akaendelea kujaza:
lumbesa ile ile,
tuliyoizoea kama tulivyoizoea baridi.
Tupokigwe alikuwa amechuchumaa na kokoto zake.
Kila debe likimwagwa, kokoto moja chini.
Hakutumwa na mtu. Ndio mchezo wetu wa kila siku.
La sita: "Limejaa."
La saba: akageuka kunitazama.
La nane: akasimama.
"Hili si moja," akamwambia. "Limebeba mtoto mgongoni."

Wapakizi wakaangua kicheko.
Mnunuzi naye akacheka, kwa mdomo peke yake,
akakung'uta mikono, akasema bei imeshuka tangu jana,
akavimwaga viazi vyetu palepale,
akaenda kujaza kwa Mama Subilaga.
Hadi jua linazama nililisikia lori likiguna.

Usiku baba yao akapiga simu kutoka Chunya.
Nikamwambia viazi bado vipo.
Vipo kwa sababu gani, sikumwambia.
Lusajo alishalala, masizi shavuni,
L yake imegandana na ngozi,
inatazama inakotaka yenyewe.
Dada yake hakulala.
Alimwaga kokoto juu ya blanketi,
akazipapasa gizani, akarudia, akarudia.
"Mama. Nilikosea?"

Nilikuwa na maneno mengi ya watu wazima:
mbolea ya mkopo, chumvi, nauli ya hospitali,
na mtu mdogo anavyopaswa kunyamaza.
Yote yalifika kooni.
Nikakaa kando yake kitandani,
nikamshika kidole, tukazigusa pamoja, moja moja,
taratibu, mpaka ya mwisho.

"Nane," nikasema.
"Zilikuwa nane."