Nyeusi, ya Duara

"Nipe raba," alisema, "nyeusi, ya duara."
Dada yangu, hapa barabara ya Kirinyaga
kila kitu ni cheusi na cha duara:
raba za misumarini, raba za makoponi,
na mimi katikati yake na venia yenye kutu.

Nikamwomba ile ya zamani.
Akaifungua kwenye pindo la leso
kama anayetoa jino la mtoto.
Imevimba, imelegea,
mdomo uliotembelewa na nyuki.
Nikainusa. Maziwa yaliyochacha.

Nani alikuuzia? Hakusema.
(Ni Mbuvi, kibanda cha pili. Namjua kwa kazi yake.)
Mpira wa kawaida ukikutana na mafuta
huyanywa, hunenepa, husahau umbo lake,
na maziwa yana mafuta,
hata haya ya kupimiwa ya shilingi ishirini kule Kayole.

Basi nikauliza, naye akaona namchelewesha.
Moto au baridi?
"Mchana baridi. Usiku naosha kwa maji ya kuchemka."
Imetulia, au kuna chuma kinachozunguka ndani yake?
Akanyamaza.
Kisha mkono wa kulia ukaanza kuzunguka hewani,
taratibu, vile pampu yake inavyozunguka,
na kidole cha kushoto kikagusa: hapa.
Hapa ndipo panapovuja.

Nikairudisha silikoni msumarini.
Laini, safi, joto haliisumbui,
lakini isuguliwe na chuma mchana kutwa
itachanika kabla ya Ijumaa.
Nikashusha naitrili nyeupe, ya vyakula.
Kipenyo cha ndani ishirini na tano.
Si "karibu ishirini na tano".

"Mia na themanini? Ile ilikuwa thelathini!"
Thelathini mara ngapi, dada?
Akahesabu kwa midomo, bila sauti.
Akalipa kwa simu, ndipo nikajua jina:
Nyanchama.

Wiki tatu sasa. Hajarudi, hajapiga.
Katika kazi hii, hiyo ndiyo asante.
Ile iliyovimba nimeitundika mlangoni,
Mbuvi akija kuomba chenji aione.

Nyumbani kwangu, bomba la jikoni
linadondoka kwenye sufuria tangu Pasaka.
Washa ya nusu inchi. Shilingi kumi.
Dukani ninazo kopo zima,
na kila jioni napekua mifuko:
funguo, sarafu, risiti ya unga.
Tone. Tone.
Mke wangu haulizi tena.