Majina Mawili

Lifti ya jengo letu pale Rustavi
ilikula sarafu kabla haijakubali kupanda:
tetri kumi, uzidumbukize kwenye kisanduku,
ndipo ikohoe, ikuvute hadi ghorofa ya nane.
Mimi nilipanda kwa miguu.
Sarafu nilizitunza kwa ajili ya soseji.

Mama alikuwa Bari, ng'ambo ya bahari mbili,
akimwogesha bibi wa watu, akimkata kucha,
na kila Jumapili alinipigia simu ya video:
"Gocha, umekula? Gocha, umevaa soksi?"
Nikajibu ndiyo, ndiyo, na uso wake ukaganda,
mdomo wazi, kabla hajauliza la tatu.
Shangazi Eteri usiku kazini, mchana kalala.
Nyumba nzima niliitembea kwa ncha za vidole.

Basi, mbwa.
Alikuja Novemba, rangi ya maharagwe yaliyoungulia,
sikio moja limesimama, la pili limekata tamaa.
Alilala juu ya bomba la maji moto nyuma ya jengo,
pale ambapo theluji haikuthubutu kutua.
Sikumwita. Nilikaa tu, nikamega soseji,
nikaiweka katikati yetu, kama mtu alipaye deni
asilokumbuka alilikopa lini.
Siku ya nne alikula huku namtazama.
Siku ya tisa aliweka kidevu kwenye kiatu changu
nami sikusogeza mguu hadi ukafa ganzi.

Nikamwita Lobio, ndiyo maharagwe kwa lugha yetu.
Nikamweleza mambo: kwamba darasani
dawati langu ni la watu wawili;
kwamba nimesahau mama ananukiaje,
nikifungua kabati ni naftalini tu.
Alisikiliza kwa lile sikio lililosimama.
Mengine, nadhani, yaliingilia lile jingine
yakabaki humo.

Nilidhani ni wangu.
Ila kuna asubuhi alinuka samaki,
na mimi samaki sijanunua.
Kuna jioni alikuwa na uzi mwekundu shingoni.
Niliukata kwa meno.
Kesho yake ulikuwepo mwingine, mafundo mawili.

Kisha Februari, gari la manispaa.
Wanaume wawili, kitanzi, mlango wa bati, ba!
Nikalikimbilia bila koti, napiga kelele
"Lobio! Lobio!"
na kando yangu, kwa kandambili za ndani,
msichana wa mlango wa pili, Tekle,
aliyeteremka kutoka milimani mwaka ule,
anayechekwa kila akifungua kinywa,
alikuwa akilia "Batono! Batono!"
Yaani Bwana. Mbwa yule, Bwana!

Gari likapinda kona. Tukaachiwa moshi.
Tukatazamana kama wezi wawili
waliokutana kwenye dirisha moja.
"Uzi," nikasema.
"Soseji," akasema.

Siku kumi na moja. Tulizihesabu ngazini.
Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili,
nikamwonyesha pa kuigonga lifti
ipande bure, mara moja kati ya tatu.
Upweke hatukuutaja.
Ulikaa pale katikati yetu, tukiumega.

Akarudi. Amenyolewa tumbo, amechanjwa,
na kwenye lile sikio lililolala
hereni ya njano, nambari 0386.
Tukaita pamoja, kila mtu na jina lake.
Alisimama penye bembea iliyokatika mnyororo,
akamtazama huyu, akamtazama huyu,
kisha akakaa palepale, topeni,
mpaka sisi tukasogea.

Usiku ule baridi ilikuwa ya kupasua vyungu.
Tukamwingiza kwenye lifti.
Tekle akachomoa sarafu, nami nikachomoa.
Tukabishana nani alipe, tukabishana jina,
milango ikafunguka na kujifunga tumesimama tu.

Jina hatujaafikiana hadi leo.
Mwenyewe aliitikia yote mawili,
na siku za soseji,
hata tulipokohoa.