Beseni la Juni

Maji nayachota mimi. Ndiyo kazi niliyoachiwa
tangu magoti ya Dada Orlena yagome.
Nayapasha moto kwenye jiko la nyuma ya kanisa,
nayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto,
maana miguu ya wazee wetu ni miguu ya mgodini,
na baridi ya chini ya mlima haijawatoka.

Kanisa letu ni dogo. Ukikohoa mbele, nyuma wanasikia.
Mbao nyeupe, mlima huku, mlima kule,
na barabara inayogombania bonde na kijito.
Hapa Kentaki ya mashariki, "ndugu" ni neno la kila siku:
Ndugu Arvil, Ndugu Denzil, Dada Vesta.
Tunalitoa mdomoni kama sarafu ya chenji,
bila kutazama sura iliyopigwa juu yake.

Denzil ni baba yangu. Mwaka wa mgomo
alilala miezi saba hemani, kando ya lango la kampuni,
mama akipika maharagwe hata sufuria ikayachoka.
Arvil alilivuka lile lango mwezi wa tano.
Mwanawe ana homa ya mapafu, wengine walisema.
Baba hakusema. Baba alitema mate.

Tangu hapo, miaka thelathini na mmoja,
wamekaa benchi moja, huyu mwanzo, yule mwisho,
na katikati yao ungepitisha behewa la makaa.
Wakisalimiana, ni ncha za vidole tu,
kama watu wanaopokezana chungu cha moto.

Leo mhubiri hakuwa na mengi. Alisema:
"Katika mbio hizi, anayempisha mwenzake ndiye aliyefika."
Akaketi.

Nikaweka beseni. Wanawake upande wao, wanaume wao.
Mara namwona Arvil, taulo kiunoni,
anakuja, anakuja, anasimama mbele ya baba.

"Ndugu Denzil, keti."
"Keti wewe."
"Nimetangulia kuja."
"Mimi mkubwa wako kwa miezi minne."
"Ndiyo maana nasema keti."

Wazee wawili wanagombania kupiga magoti!
Mjukuu wa Vesta akacheka, na hakuna aliyemkemea.

Arvil ndiye aliyeshindwa. Akaketi, akavua kiatu,
akavua soksi polepole, kama anayefungua barua ya zamani.

Mguu wa kushoto. Vidole viwili.
Kwingine ngozi tupu, laini, inang'aa kama sahani.
"Jiwe la darini," Arvil alisema, bila kumtazama mtu.
"Mwezi wa sita. Mwaka ule."

Mwezi wa sita, mwaka ule,
tulikutana hapa kila Jumatano
tukiwaombea wagonjwa wa bonde hili kwa majina,
hata ng'ombe wa mjane mmoja tulimwombea.
Jina la Arvil halikutajwa.
Hakuna aliyempelekea hata mkate.

Baba aliushika ule mguu. Hakuuosha mara moja.
Aliushika tu, kama mtu aliyeokota kitu chake njiani
na hakumbuki kilimdondoka lini.
Kisha maji. Kisha kisigino, kisha vile viwili,
kisha, taratibu, mahali pa vile vitatu,
kimoja,
kimoja,
kimoja, kana kwamba vipo.

Sikuona nani alilia. Nilikwenda kuongeza maji ya moto
ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Tukirudi, ndani ya pikapu, baba alinyamaza mpaka darajani.
"Vidole vitatu," akasema. "Ulijua?"
"Nilijua."
"Na mama yako, Mungu amrehemu?"
"Yeye ndiye aliyeniambia."
Gia ikalia.
"Hamkuniambia mimi."
"Hukuuliza, baba,"
nikasema. Nikatazama kijito.
"Nami sikusema."

Penye njia ya kwenda kwa Arvil
alipunguza mwendo,
ingawa mbele yetu hapakuwa na gari.