Kumbukumbu za Kikao cha Jumamosi

Waliohudhuria: madiwani ishirini na mwenyekiti.
Aliyekosekana kwa udhuru: Ketura Namarome.
Udhuru wenyewe ni jua.

Mbale nzima yajua
kwamba Jumamosi yule mama hapandi pikipiki,
hashiki kalamu, simu yake imelala kabatini;
ndiyo maana kura ya bomba la maji la kilimani
ikapangwa Jumamosi, saa kumi alasiri.

Nilikuwa karani. Si kazi ya karani kupendelea.
Lakini nilikumbuka alichonisimulia siku moja
tukipanga mafaili: miaka ile sala yao ilipokuwa kosa,
baba yake alificha kitabu chini ya magunia ya kahawa,
na yeye, mtoto wa miaka sita, akaketi juu yake
akitafuna muwa, askari wakimuuliza njia ya Soroti.
Akawaonyesha. Njia ya kweli, alisema, ili waondoke upesi.

Basi nikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita.
Zote. Na viambatisho. Nikakohoa. Nikaomba maji.
"Maji ndiyo tunayojadili!" akafoka diwani wa sokoni.
Nikasoma bei ya misumari.
Kila ukurasa naenda dirishani, eti mwanga haunitoshi:
mimi, Sadala, niliyezoea kuusaka mwezi wa Ramadhani,
namsakia Myahudi nyota tatu
juu ya Wanale, penye mawingu.

Moja.
Ya pili niliishuku kuwa taa ya mnara.
Ya tatu.

Nikarudia misumari.
Mlango ukabamiza ukuta. Ketura, kwenye gambuti,
matope hadi magotini, anahema:
"Mmefika wapi?"

Kumi kwa kumi. Sisi wa kilimani tukashusha pumzi.
Akainua mkono upande wa pili.
Waliompangia Jumamosi wakatazamana.
Fedha zikaenda Namatala, wadi ya wazazi,
ambako wanawake walijifungua kwa mwanga wa simu.

Hakunieleza. Nami sikumsemesha wiki tatu.
Mke wangu bado huteka maji mtoni.
Uchaguzi ulipokuja kilima kikamtupa, kwa kura kumi na tisa.
Siku hizi anauza maharage ya njano mbele ya kinu,
anapima, kisha anaongeza konzi.

Ijumaa iliyopita mjukuu wangu alizaliwa Namatala,
chini ya balbu.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu. Naliandika hapa,
pembeni, kwa penseli.